Mbuzi wa Lomunokol Mbele ya Hakimu

Asekon aliketi kwenye benchi la korti ya Lodwar, binti yake Awoi amelala mapajani, na kilichokuwa kichwani mwake ni unga tu. Ndoa yenyewe ilikwisha kuvunjwa kabla ya Krismasi ya mwaka wa sabini na tano, na hiyo hakuililia tena. Kipkemboi alikuwa dereva wa lori la serikali, leo yuko Kitale, kesho yuko Lokichoggio. Akirudi nyumbani Lodwar anakuta mke amekwenda Kakuma kwa baba yake. Mke naye akirudi anakuta mume ameshaondoka. Waliishi hivyo miaka, kama watu wawili wenye jozi moja ya viatu, mmoja akivaa mwingine anabaki ndani. Mwisho wakakubaliana kila mtu abaki pale alipo. Hawakutukanana. Ng'ombe wa mahari walikwisha gawanywa kwa wajomba, na Kipkemboi hakuwadai. Kilichobaki ni mtoto, na chakula chake.

Sasa, mtoto wa Kakuma mvua ikinyesha hana shida. Mbuzi wanazaa, maziwa yanajaa vibuyu, watoto wanang'aa mashavu. Lakini kiangazi kikifika mbuzi wanakauka, ngamia wanapelekwa mbali kule Nadapal kutafuta majani, na waliobaki nyumbani wanaishi kwa unga wa dukani. Kiangazi kilichopita Asekon alisuka vikapu vya majani ya mkoma mpaka vidole vikapasuka, akavibadilisha na unga. Hata hivyo kulikuwa na siku Awoi alikunywa chai ya rangi akalala. Usingizi ule wa mtoto aliyeacha kuomba ndio uliomtoa Asekon Kakuma mpaka mbele ya hakimu. Hakutaka kuuona tena.

Hakimu alikuwa mtu mnene mwenye miwani, mtu wa Kenya, kama wasemavyo watu wa Lodwar, maana kwao mtu akishapita Kitale ndipo amefika Kenya. Hakuwa mkali. Jasho lilimsumbua zaidi kuliko watu.

"Nitawaeleza ninavyopima," alisema, "ili mtu asitoke hapa akidhani nimembagua. Kwanza naangalia mtoto anahitaji nini. Pili, baba anapata nini, na kinamwishia wapi. Tatu, mama ana nini upande wake. Kinachopungua, baba anajaza. Mmenielewa?"

Ekai, kijana wa Lodwar aliyekuwa mkalimani wa korti, akaligeuza hilo kwa Kiturkana kwa ajili ya Lomunokol, baba yake Asekon. Mzee alikuwa ameketi kwenye ekicholong chake, kile kigoda kidogo cha mti anachotembea nacho mwanamume. Benchi la korti alikuwa amelikataa. Alisema limekaa kama mtego.

Upande wa mtoto ulikwenda haraka: unga, sukari, majani ya chai, nguo, na shule akifikisha umri. Upande wa baba nao haukuwa na mzozo. Kipkemboi alisema mshahara wake, akasema anachompelekea mama yake Kapsabet, akasema kodi ya chumba na chakula cha barabarani. Hakimu akaandika.

"Sasa upande wa mama. Mama Awoi, una kazi?"

"Nasuka vikapu, Mheshimiwa. Nakaa kwa baba yangu."

"Baba ana mifugo?"

"Anayo."

"Mingapi?"

Asekon akatazama miguu yake. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, amehesabu machungwa ya kitabuni, amehesabu mawe na madirisha. Lakini mbuzi wa baba yake hakuwahi kuwahesabu hata kimoyomoyo. Mtoto wa kwao anajifunza mapema: ukiulizwa mifugo ni mingapi, unasema ipo. Kuihesabu kwa mdomo ni kama kuiita hasara ije ichague.

"Mwenye mifugo si huyu hapa?" alisema hakimu. "Asimame."

Lomunokol akasimama, manyoya ya mbuni juu ya udongo wa nywele zake yakitikisika.

"Anauliza una mbuzi wangapi," Ekai akamwambia.

"Mwambie wapo."

"Anasema wapo, Mheshimiwa."

"Nimesikia wapo. Wangapi?"

Mzee akafikiri. "Mwambie mbuzi hawana hesabu. Wana rangi."

"Basi ataje rangi," alisema hakimu. Ekai, aliyemjua mzee, akamtazama hakimu kwa huruma, kisha akatafsiri.

Lomunokol akaanza.

"Kuna yule mweupe, miguu myeusi, kama aliyekanyaga majivu. Kuna binti yake, mweupe mtupu, mkaidi. Kuna wa shingo nyekundu mwenye kengele. Kuna yule beberu mkubwa wa kahawia, ambaye akisimama mbele ya jua unaona masikio yake kwa ndani. Kuna mwenye madoadoa, aliyezaliwa siku lori la huyu lilipokwama ndani ya laga. Tukamwita Lori."

Watu wakacheka. Kipkemboi akacheka kuliko wote, maana ni kweli lori lilikwama ndani ya ule mto wa msimu, na Awoi alikuwa mchanga, na yeye mwenyewe ndiye aliyekipokea kile kitoto cha mbuzi kikitoka kwa mama yake, mikono bado ina mafuta ya gari.

Kwa kila mnyama hakimu alichora mstari mmoja. Mwanzoni alikuwa akitabasamu. Baadaye aliacha kutabasamu. Baadaye aliomba maji. Mzee hakuchoka. Alimaliza mbuzi akaingia kwa kondoo, akamaliza kondoo akaingia kwa ngamia, na kila mmoja alimtaja kwa upole uleule ambao watu wengine huutumia kwa wajukuu wao. Ekai alikuwa amepoteza sauti.

Asekon alisikiliza, akimkumbuka mwenye kila mnyama. Mwenye kengele alikuwa wa Nanok wa Lopur, rafiki wa baba yake, ambaye wanyama wake hulala kwao, na wa kwao hulala kwake, ili ugonjwa au wezi wasiwamalize wote mahali pamoja. Mweupe wa miguu myeusi alikuwa wa shangazi. Beberu hana maziwa, beberu ni beberu. Ngamia wote walikuwa mbali. Lakini baba yake alikuwa akiwataja kama wanavyolala ndani ya boma, na hakimu alikuwa akiwachora kama wanavyotajwa.

Mzee alipoketi, hakimu alijumlisha mistari yake.

"Mzee huyu ni tajiri kuliko mimi," alisema. "Mtoto huyu anaogelea ndani ya maziwa. Naona shilingi ishirini kwa mwezi zinamtosha, za sukari na nguo. Tukale kwanza. Nitaandika uamuzi tukirudi."

Ishirini. Asekon alijua ishirini inafika wapi kiangazi. Inafika katikati ya mwezi, inasimama.

Nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, alimngojea baba yake atulie kwenye kigoda. Hakuwa mtu wa kurusha maneno. Alimpa maji kwanza.

"Apa," alisema, "yule mwenye kengele si wa Nanok?"

"Ni wa Nanok."

"Mbona umemtaja?"

"Analala wapi?"

"Analala kwetu."

"Haya."

"Na ngamia, Apa? Awoi atamkamua ngamia aliye Nadapal akiwa Kakuma?"

Mzee alikunywa maji, akakipangusa kibuyu mdomo. "Uliiona ile miwani?" alisema. "Mtu akitazama namna ile anatafuta maskini. Akishampata atasema, hawa hawana kitu, mtoto apelekwe Kapsabet kwa yule bibi mwenye ng'ombe. Nikasema ngoja. Nitamwonyesha boma mpaka achoke." Akanyoosha mkono akaugusa utosi wa Awoi, ambaye sasa alikuwa ameamka na anachora mchangani kwa kidole. "Unga tutatafuta. Huyu tukimpoteza tutamtafuta wapi?"

Hasira yote aliyokuwa ameiandaa Asekon ikakosa pa kwenda. Akaketi chini karibu na mguu wa baba yake.

Kipkemboi alitokea upande wa dukani na mandazi ndani ya gazeti na soda ya Awoi. Mtoto alimrukia magoti, soda ikamwagika kidogo, hakuna aliyejali.

"Ejok, mzee."

"Ejok-nooi, mkwe," alijibu Lomunokol. Korti ilikuwa imewavunja mke na mume. Kuhusu ukwe, mzee alisema hakusikia mtu akiutaja.

"Umemsahau yule mwekundu wa pembe moja."

"Sikumsahau. Alikufa."

Kipkemboi alijua Kiturkana cha kutosha kununua mbuzi na kuomba radhi. "Pole. Sikuambiwa."

"Ulikuwa barabarani," alisema mzee, bila ubaya.

Wakala mandazi. Asekon alimtazama Kipkemboi akitafuna. Miaka yote ya ndoa alikuwa amejifunza kwamba mtu huyu ukimsukuma anazima kama injini, na ukimwacha anawaka mwenyewe. Kwa hiyo alisema kidogo tu.

"Baba Awoi, unajua wale si wetu wote."

"Najua."

"Unajua kuliko hakimu."

"Najua hata wenyewe wanakaa wapi. Si mimi nilikuwa nawapelekea salamu na lori?" Akachukua andazi lingine. "Ishirini, Mama Awoi. Mtu mwingine angekula mandazi yake akanyamaza."

"Na wewe ni mtu gani?"

"Mimi bado nakula."

Asekon alitaka kucheka, akajizuia. Alikunja gazeti, akalikunjua. Kisha akamweleza kuhusu kile kiangazi, ile chai ya rangi, na jinsi Awoi alivyoacha kuomba. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia. Kipkemboi aliacha kutafuna.

"Hukuniambia."

"Ulikuwa Lokichoggio."

"Ungeniachia maneno pale dukani Kakuma. Si nasimama kila safari?"

"Maneno hayo hayaachwi dukani."

Kipkemboi akainamia viatu vyake. Awoi alikuwa akimwekea mchanga ndani ya kiatu, na yeye alimwacha.

Waliporudi ndani, hakimu hakuwa ameketi vizuri kabla Kipkemboi hajanyoosha mkono.

"Wewe ndiye uliyeshinda," alisema hakimu. "Unataka nini tena?"

"Mheshimiwa, hiyo mbuzi umeandika, mingi si ya mzee. Mimi nimekaa hiyo boma, naijua. Naomba arudie."

Hakimu alivua miwani. "Arudie?"

"Mbuzi peke yake. Ngamia tuache, iko mbali. Na mimi nitamuuliza neno moja tu kwa kila mbuzi."

Lakini Ekai alipomweleza mzee, Lomunokol alikaza midomo akatazama dari. Hana la kuongeza, alisema. Ameshataja. Wote ni wake.

Hapo Asekon akasimama. Sauti yake ilitoka taratibu, kama alivyoizoea.

"Mheshimiwa, baba yangu anaogopa. Anadhani ukiona hana kitu, mtoto atapelekwa kwa bibi yake Kapsabet. Hatasema mpaka asikie mtoto anakaa wapi."

Hakimu akamtazama Kipkemboi. "Wewe unamtaka mtoto?"

"Namtaka sana," alisema Kipkemboi. "Lakini mtoto atakaa na nani, na mimi niko ndani ya lori? Mama yangu ni mzee. Akae Kakuma na mama yake. Uandike hiyo kwanza, Mheshimiwa, tafadhali." Kisha akamgeukia Lomunokol, akamwambia hayo mwenyewe kwa Kiturkana chake kilichovunjika, akitumia neno la mbuzi mahali pa neno la mtoto na kujisahihisha. Mzee aligeuka kutazama pembeni ili asionekane anacheka.

Hakimu aliandika. Ekai alisoma kilichoandikwa. Lomunokol aliomba kisomwe tena, kikasomwa tena. Ndipo akasimama.

"Mweupe, miguu myeusi," alisema.

"Nani anakunywa maziwa yake?" aliuliza Kipkemboi.

"Dada yangu."

"Binti yake, yule mkaidi?"

"Dada yangu pia. Mama na binti hawatengwi."

"Shingo nyekundu mwenye kengele?"

"Nanok. Ukimwona mwambie mbuzi wake anakohoa."

"Yule wa kahawia, wa masikio?"

Mzee alimtazama kwa masikitiko. "Mkwe, huyo ni dume."

Korti ikacheka tena, na mara hii hakimu pia. Mstari mmoja mmoja ulifutwa. Wengine walikuwa wa mke mkubwa wa mzee na watoto wake, wengine walikuwa wameahidiwa watu kwa ajili ya ndoa ya mdogo wake Asekon, wengine walikuwa wazee wanaolishwa kwa sababu tu mzee anawapenda. Raba ilipomaliza kazi, kwa upande wa Awoi kulikuwa na yule wa madoadoa, Lori, na wengine wachache wa mama yake walioweza kuitwa kwa pumzi moja.

"Na huyo Lori," alisema hakimu, "anatoa maziwa mwaka mzima?"

Swali hilo halikuwa na mwenyewe, Asekon akalijibu. "Hapana, Mheshimiwa. Mvua ikinyesha anatosha, na anabakiza. Kiangazi hana hata ya kulowesha kidole. Mimi siombi kulishwa wakati nina maziwa. Wakati wa mvua, hiyo ishirini yako inatosha kabisa. Ila kiangazi mtoto hali rangi ya mbuzi."

Hakimu alikaa akizungusha kalamu. Alianza kusema kwamba huandika kiasi kimoja, kila mwezi sawasawa. Kisha akatazama dirishani, nje ambako mchanga wa Lodwar ulikuwa ukipita barabarani kama una safari zake.

"Sijaona mahali nilipokatazwa kuandika viwango viwili," alisema. "Ishirini wakati wa mvua. Sitini wakati wa kiangazi. Mshahara wake unabeba. Lakini nani atasema kiangazi kimeanza? Nikiandika mwezi, mvua ya huku haisomi kalenda."

"Yeye," alisema Asekon, akimwonyesha Kipkemboi kwa kidevu. "Anavuka laga zote mpaka Lokichoggio. Hakuna anayeyajua maji kuliko dereva."

"Unataka mlipaji ndiye aseme siku malipo yanapopanda? Unamwamini hivyo?"

Asekon alifikiri kidogo. "Kwa hilo namwamini, Mheshimiwa. Kwa kurudi nyumbani mapema, hapana."

Kipkemboi aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Hakimu akaandika, akatia sahihi, akasema wanaofuata waingie, na kama wana mbuzi, wabaki nje kwanza.

Kipkemboi aliwarudisha Kakuma na lori, maana alikuwa na mzigo wa Lokichoggio. Mzee alipanda mbele na kigoda chake, Awoi katikati, Asekon dirishani. Njia nzima hawakuzungumza habari za korti. Walizungumza habari za yule mwekundu wa pembe moja, alivyokufa, na alivyokuwa na akili.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri. Kila mwezi shilingi ishirini ziliachwa kwa mwenye duka Kakuma, na Asekon alizichukua akanunua sukari, na mara moja akanunua kitambaa chekundu akamshonea Awoi gauni. Lori alizaa mapacha. Kisha mvua ikakatika kama inavyokatika huko, bila kuaga. Majani yakawa kahawia, yakawa meupe, yakawa hayapo. Asekon alikamua asubuhi akapata kikombe, baada ya siku chache akapata nusu, na siku moja Lori aligeuza kichwa akamtazama tu.

Angeweza kuacha neno dukani. Alitembea mpaka karibu na duka, akasimama, akarudi. Alikuwa amesema mbele ya hakimu kwamba anamwamini, na aliona kwamba ukimwamini mtu, halafu ukamkumbusha, utakuwa hukumwamini. Hata hivyo alitoa majani yake ya mkoma akayalowesha, akaanza kikapu, kwa sababu kumwamini Kipkemboi ni kitu kimoja na kumwamini Kipkemboi bila kikapu ni kitu kingine.

Hakuwa amefika nusu ya kikapu aliposikia injini ile. Alikuwa anaijua hata ikiwa mbali, ilikuwa inakohoa kama mbuzi wa Nanok. Kipkemboi alishuka amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akazunguka nyuma, akashusha gunia la unga begani, akaliweka mlangoni mwa kibanda. Asekon aliona kwamba gunia lilikuwa kubwa kuliko sitini.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Nimevuka laga ya Kalobeyei bila kubadilisha gia," alisema Kipkemboi. "Nikasema, haya, Lori amekauka."

Mzee alitoka bomani, akasalimia, akalibonyeza gunia kwa kidole gumba kama anavyobonyeza mgongo wa mbuzi anayetaka kumnunua, akaridhika. Awoi alikuwa ameshapanda mguu wa baba yake.

"Awoi wangu," Kipkemboi akamuuliza, "siku hizi una mbuzi wangapi?"

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. Kisha akamwonea huruma, akamshika sikio, na kuanza kumtajia: kuna mwenye madoadoa, kuna mwanawe mweusi, kuna pacha wa huyo ambaye bado hajaamua rangi. Asekon alikiweka kikapu chini, akaenda kuchemsha maji.